Mjomba Ataka Zege, Moyo Wangu Uko kwa Mawe na Chokaa

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Mkomani, Lamu. Nasomea usanifu wa majengo katika chuo kimoja Mombasa na nimebakiza mwaka mmoja nimalize. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo mjomba, kaka yake mama, ndiye anayenilipia karo. Nalitanguliza hili usije ukadhani namshtaki. Nampenda na namheshimu.

Nimelelewa na bibi katika nyumba ya mawe ya zamani. Chooni kuna birika la maji, na humo birikani bibi amefuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Usiku nilikuwa nalala nikitazama zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mchana nazichora kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda. Hadi leo hiyo ndiyo kazi ya mkono wangu: nachora zile nakshi za plasta, nazikata kwenye karatasi ngumu, kisha naweka taa nyuma yake. Muhula uliopita nilijenga kielelezo cha nyumba nzima ya bibi kwa vipande vya matumbawe na fito. Kilinichukua miezi miwili. Wenzangu walikipiga picha, zikazunguka simu hadi simu.

Sasa tumeambiwa kila mmoja abuni nyumba ya kuishi inayofaa hali ya hewa ya pwani na isiyoharibu mazingira. Mimi nikapeleka nyumba kama ya bibi: kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, katikati, kuta nene, dari ya boriti, makuti juu. Mhadhiri aliutazama mchoro kwa muda, akasema, "Mkono wako ni mzuri. Lakini hii ni makumbusho. Nani ataishi humu?" Nilijikaza hadi nikatoka nje, ndipo nikalia.

La pili ndilo zito. Mjomba ana kiwanja Wiyoni na anataka kujenga ghorofa tatu za kupangisha, zege tupu, madirisha ya kioo ya kusukuma na mabati ya rangi. Ameniomba nimchoree mimi. Nilipomwonyesha mchoro wangu alicheka kwanza, kisha uso ukabadilika. Akasema, "Nimekusomesha miaka yote hii uje unijengee nyumba ya bibi yako?" Ni wiki tatu sasa hajanipigia simu. Mama asema nichore anachotaka, niombe radhi, yaishe.

Shangazi, mimi naamini mawe na chokaa ni bora. Lakini nikiulizwa kwa nini, jibu langu huwa lile lile: ni nzuri, ni yetu. Rafiki zangu wanasema niache usanifu nifanye sanaa tu, niuze zile taa zangu. Nina wiki mbili kabla ya kukabidhi mada ya kazi. Nifanyeje?

Binti wa Mkomani

Shangazi ajibu:

Waaleikumu salaam, mwanangu. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjomba amzidishie.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nasimama pale uliposema jibu lako ni "ni nzuri, ni yetu". Mhadhiri na mjomba wamekuuliza swali moja, kila mtu kwa mdomo wake, na wote wawili umewapa mapenzi badala ya jibu. Mapenzi yako nayaelewa, mimi pia nimezaliwa katika nyumba ya mawe, hapa Malindi. Lakini jibu lipo, tena ni jibu la mtu aliyesoma. Lazima ulijue kabla hujachora mstari mwingine.

Nianze na ukuta, maana huo ulinifunza kwa hasara. Miaka mingi iliyopita nilitaka kumpendezea marehemu mama chumba chake. Nikamwita fundi mzuri tu, akabandua chokaa yote iliyozeeka, akapiga plasta ya saruji, laini kama kigae. Mvua za masika za mwaka wa pili ukuta ukaanza kuvimba. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Nikaingiza kisu, ikatoka sahani nzima ya plasta, na nyuma yake jiwe limelowa na limejaa unga mweupe. Nikautia ulimini: chumvi.

Fundi hakukosea kazi, mimi ndiye niliyechagua kitu kisichopatana na jiwe. Matumbawe, ndiyo mawe ya nyumba zetu, yana matundu chungu nzima. Yanavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, na huku kwetu unyevu huo huja na chumvi. Chokaa inaachia: maji yanapita polepole hadi juu ya ukuta, upepo unayakausha, na hata ikichakaa ni chokaa inayochakaa, jiwe linabaki. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipaka upya kila baada ya muda. Saruji inaziba. Maji yanakaa nyuma yake, chumvi inaganda huko huko na kusukuma hadi plasta inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Hilo mwambie mhadhiri. Ni jibu ambalo halihitaji neno "yetu" hata mara moja.

Sasa nyumba yenyewe. Umeichora mara mia, lakini umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba? Mtu anaweza kudhani ndiyo ladha ya wazee. Ni mti, mwanangu. Boriti ya mkoko ikibebeshwa dari ya mawe na chokaa haivuki upana mkubwa. Mita 2 na nusu au kuzidi kidogo, basi. Urefu wa chumba ukawa wa mwenye nyumba kuamua, upana ukaamuliwa na mti. Kwa hiyo ukichora leo chumba chembamba na huku dari umeipa kitu kingine cha kuibeba, umenakili ulemavu wa boriti bila boriti yenyewe. Hapo mhadhiri ana haki kukwambia ni makumbusho.

Kiwanda je? Hicho hakikuamuliwa na mti. Ni upepo na mwanga, na pia sitara: nyumba inapumua kwa ndani bila kufungua dirisha kwa mpita njia. Msana, yaani ukumbi wa mbele, umefunguka kiwandani ili upate hewa bila kupigwa na jua. Na jikoni? Wazee waliliweka juu kabisa, kidari cha meko, joto na moshi vikaenda zake bila kupita vyumbani. Hilo halijazeeka hata kidogo. Mpangaji wa Wiyoni anayepika chapati saa kumi na mbili jioni katika chumba cha zege cha ghorofa ya kati atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Na kuna jambo ambalo wapenda mawe hatupendi kulisema. Ukuta mnene mchana ni rehema, lakini joto la mchana kutwa unalitunza na kulitoa usiku. Katika nchi yenye unyevu kama yetu, upepo wa Kaskazi ukilegea mwezi wa Machi, chumba cha ndani usiku hakilaliki. Wazee walilijua hilo, wakapanda kulala juu chini ya makuti, mahali penye upepo na pasipo na ukuta wa kuhifadhi joto. Nyumba ya Lamu ni nyumba mbili, nzito chini na nyepesi juu, na watu walikuwa wakihama humo kwa saa. Mtu akikwambia mawe yana baridi, muulize saa ngapi.

Sasa niguse palipo na kidonda. Umeandika boriti na chokaa kama vitu visivyo na dhambi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Biashara ya boriti kwenda Uarabuni ilidumu karne nyingi hadi serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Na mikoko ndiyo inayoshika ufuo usiliwe na bahari, ndimo kaa na kamba wanamokulia, na kwenye tope la mizizi yake kumezikwa hewa ya ukaa ambayo mti ukikatwa na tope likavurugwa inarudi angani. Chokaa nayo ilikuwa ikichomwa kwa kupanga magogo duara, matumbawe juu yake, moto unalala humo hadi jiwe linageuka unga. Ni kuni nyingi mno kwa gunia moja moja.

Saruji ina deni lake, tena kubwa. Tanuri lake linataka nyuzijoto 1,450 hivi, chokaa inatosheka na 900, na viwanda vya saruji duniani vinachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Chokaa inapokauka ukutani huvuta tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyoitoa tanurini. Lakini ukiichoma kwa mkoko, hesabu inageuka. Mtu akikusimamisha mbele ya darasa na swali hilo, na yupo atakayekusimamisha, utasema nini?

Mimi ningesema hivi. Jiwe litoke nchi kavu, kama lile linalochimbwa Maweni, kisiwani Manda, mwamba uliokufa zamani za kale. Tumbawe hai lililo baharini lisiguswe. Nguzo na pau zitoke kwenye mivinje inayopandwa mashambani Kilifi na Malindi, ambayo tayari imechukua kazi nyingi zilizokuwa za boriti, au kwenye mnazi mzee usiozaa tena. Mbao hizo zinahitaji kutiwa dawa ya mchwa na kuinuliwa mbali na unyevu, usilifiche hilo kwenye mchoro wako. Chokaa itumike pale inapofanya kazi ambayo saruji haiwezi, yaani kwenye ngozi ya ukuta. Na zege liwepo panapohitajika.

Naam, zege. Ghorofa tatu za kupangisha hutazijenga kwa fito, na mjomba si mjinga kulitaka. Anataka kitu kitakachodumu. Basi mweleze adui wa zege la pwani ni nani: mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo, chuma kinapata kutu, kutu linavimba na zege linapasuka kutoka ndani. Umeona zile nyumba zenye nguzo zilizochanika, chuma kimejitokeza chekundu? Mpigie picha mbili tatu. Mpangie nguzo na mihimili ya zege safi, mchanga wa bara, maji matamu, nondo zimefunikwa vya kutosha. Kisha kuta za mawe ya kukata, chokaa juu yake, madirisha yenye kivuli, na kiwanda kidogo katikati hata kama ni cha hatua nne. Mabati yake ya rangi mpe, ila yainue, uache nafasi ya upepo kati yake na dari.

Hilo la kuinua paa silitoi kichwani mwangu. Msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso, alipokuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alichanga fedha akajengea kijiji chao shule ya msingi, ikakamilika mwaka 2001. Matofali ni ya udongo wa pale pale, yametiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Paa la bati limenyanyuliwa juu ya dari ili joto litoroke. Watu wa kijijini mwanzoni walikuwa na shaka na udongo, maana waliujua kuwa ni kitu cha kumomonyoka mvua ikinyesha. Hakuwahubiria kwamba udongo ni wa mababu. Alijenga nao, wakijenga pamoja naye, mpaka wakauona umesimama. Shule hiyo ikapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kazi iliyomtoa ilikuwa ya mwanafunzi, kwa watu wake, wenye mashaka kama mjomba wako.

Tufike kwa mjomba basi. Yeye na mama yako wamekulia nyumba ile ile, sivyo? Wewe unakumbuka zidaka na samaki wa birikani. Yeye anakumbuka nini? Mimi nahisi anakumbuka ndoo. Birika halikujijaza. Kuna kijana aliyekuwa akiteka maji kisimani alfajiri kabla ya kwenda chuo cha Kurani, na kuna aliyepandishwa juu kila mvua ikija kuziba panapovuja, na kuna aliyechanganya chokaa kabla ya Idi hadi mikono ikachubuka. Aliposema "nyumba ya bibi yako" huenda alikuwa anasema "taabu niliyoitoka". Wewe ukamrudishia taabu hiyo ikiwa imechorwa vizuri.

Usiende kuomba radhi kwa kuchora usichokiamini, hilo mama atanisamehe, sikubaliani naye. Wala usiende kumfundisha. Nenda na mama, jioni, umpe mkono, umwambie: "Mjomba, nimekuja kukuuliza nyumba ya bibi ilikukera wapi." Kisha nyamaza, uandike. Kila atakachokitaja, kiwe kwenye mchoro kimetatuliwa. Akisema maji, mchoree tangi la mvua chini ya kiwanda. Mji wa Lamu unategemea sana maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela na hayatoshi kuchezewa, mpangaji ataona thamani yake siku bomba likikauka. Akisema kuvuja, mwonyeshe paa. Akisema giza, mwonyeshe mwanga unavyoingia. Mchoro huo ndio upeleke chuoni. Usifanye kazi mbili, moja ya mjomba na moja ya mhadhiri. Kiwanja cha Wiyoni, wapangaji wa kweli, bajeti ya kweli: hakuna atakayekuuliza tena nani ataishi humo.

Na wiki zako mbili zitumie hivi. Kanunue vipimajoto vitatu vya bei rahisi. Kimoja kitundike chumba cha ndani kwa bibi, kimoja juu chini ya makuti, cha tatu kwenye nyumba yoyote ya zege ambayo wenyewe watakuruhusu. Soma saa nane mchana, saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kila siku, uandike kwenye daftari moja bila kurekebisha hata namba usiyoipenda. Huenda usiku zege na mawe vikakaribiana, na makuti yakawashinda wote. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu anayelipa stima ya feni usiku kucha.

Mchana ukiwa huna kazi, watafute mafundi wa chokaa waliobaki hapo mtaani. Kaa nao chini, si kwa simu. Uliza chokaa inalowekwa siku ngapi, inapondwa vipi, inawekwa lini na inaachwa lini. Ukitumia maneno yao kwenye kazi yako, waandike kwa majina, wakiridhia.

Kuhusu kuacha usanifu uuze taa: taa ziuze, zitakupa nauli. Lakini zile nakshi ulizozikata kwenye karatasi zina kazi nyingine. Umeshawahi kuweka karatasi moja dirishani saa tisa, jua likiwa kali, ukaona kivuli kinavyoanguka sakafuni na hewa bado inapita? Mjomba anataka vioo vya kusukuma kwa sababu hajaonyeshwa dirisha lingine. Kata moja kubwa, kamili, kwa mbao nyembamba, uipeleke siku hiyo mtakapokwenda na mama. Isimamishe dirishani kwake bila kusema kitu, mkae chini mnywe chai.

Vipimajoto anza navyo kesho. Nikipata namba zako za wiki ya kwanza nitazisoma zote, na nikiona mahali pa kukubishia nitakubishia.

Shangazi